Matofali ya Bondeni

Jumatano asubuhi trekta lilirudi na matofali yale yale lililoondoka nayo Jumanne. Lusungu aliliona likiteremka njia ya migomba, trela limejaa, akadhani dereva amesahau kitu. Kisha akamwona fundi Dickson ameketi juu ya mzigo, miguu inaning'inia, na uso wake haukuwa wa mtu aliyesahau kitu.

Fundi alisubiri mpaka wafyatua tofali wote wakakusanyika kwenye uwanja wa tanuru. Hakupandisha sauti. Aliokota matofali kumi na moja huku na huku kwenye trela, akayapanga chini mstari mmoja, kama mwalimu anavyopanga watoto kwa kimo.

"Tazameni wenyewe," alisema. "Hili refu, hili fupi, hili nene kama mkate. Nikijenga kwa haya, nusu ya ukuta itakuwa saruji ya kuzibia. Ile ni nyumba ya kina mama wanaosubiri kujifungua, si zizi. Nataka tofali la inchi tisa. Kila moja tisa. Sitaki kujua la nani ni zuri na la nani ni baya. Kubalianeni, halafu mniite."

"Sisi wote tunafyatua inchi tisa," alisema Asajile.

"Basi mna futi kumi na moja, na kila moja inasoma kivyake."

Watu wakacheka, isipokuwa Asajile. Dereva akainua trela, matofali yakamwagika kwa kishindo, vumbi jekundu likapanda. Yalipotulia yalikuwa rundo moja tu, na hakuna aliyeweza kusema lipi limetoka nyumba gani.

Kikundi chao kilikuwa na nyumba kumi na moja, pale upande wa Ipyana. Kila nyumba ilikuwa na kalibu yake ya mbao na namna yake ya kufanya kazi. Huyu alichovya kalibu kwenye maji kabla ya kutia udongo, yule alinyunyizia majivu ya pumba. Huyu alianika siku tatu chini ya majani, yule siku saba juani. Wengine walichoma kwa pumba za mpunga, wengine waliapa kwamba bila magogo ya mwembe tofali haliivi moyoni. Miaka yote waliuza kwa jirani aliyekuja na mkokoteni wake, kila mtu kivyake, na hakuna aliyewahi kulazimika kuweka tofali lake juu ya la mwenzake.

Kikao kilianza palepale. Lusungu alikwenda kukaa nyuma ya tanuru, kwa sababu baba mkwe wake, Mzee Anyelwisye, alikuwa amekaa mbele.

Ndivyo walivyoishi. Mkamwana hasimami mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, hatamki jina lake, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye migomba. Siku hizi nyumba nyingi zimeyaacha hayo. Mabinti wanawasalimu wakwe zao kwa mkono na kupiga nao picha za simu. Nyumba ya Mzee Anyelwisye ilikuwa bado inashika. Lusungu, ambaye hata dukani alikuwa akinyoosha kidole badala ya kutaja anachotaka, hakuona kama ni mzigo. Miaka minne alikuwa amekaa ua mmoja na yule mzee, na alikuwa anaijua sauti yake na mgongo wake.

"Tuanze na maji au tuanze na kalibu?" aliuliza Gwamaka, mwenyekiti.

"Tuanze na majivu," alisema Asajile. "Anayetumia maji, tofali lake linavimba mashavu."

"Na anayetumia majivu linapauka kama mgonjwa wa homa," alijibu mama mmoja.

"Mimi nachoma kwa pumba tangu nimeoa."

"Ndiyo maana tofali zako zinakatika kama biskuti."

"Biskuti unakula kwa nani wewe?"

Amon, katibu, aliinua kalamu. "Niandike nini sasa?"

"Andika kwamba tumeanza," alisema Gwamaka.

Jua lilipofika utosini hawakuwa wamekubaliana hata juu ya majani ya kufunikia. Ndipo Gwamaka akasema waachane na mengine yote, wakubaliane jambo moja: kalibu. Waende kwa fundi wa kuchomelea Kyela mjini, awatengenezee kalibu za chuma, zote za inchi tisa na nusu ndani. Udongo hupungua nusu inchi ukikauka na kuiva, hilo kila mtu analijua. Tisa na nusu, inabaki tisa.

"Kalibu yangu ni inchi kumi," alisema Mzee Anyelwisye, akiinyanyua.

Gwamaka akaipima kwa futi. "Kumi kweli. Mzee wangu, sasa umeona? Kumi si tisa na nusu."

"Matofali yangu yakiiva ni tisa."

"Yako wapi tuyapime?"

Mzee akatazama rundo kubwa lenye vumbi. Matofali yake yote yalikuwa humo, yamechanganyika na ya wenzake, na nyumbani halikubaki hata moja.

"Kwa nini udongo wako upungue inchi nzima, na wangu upungue nusu?" aliuliza Asajile. "Una njaa?"

Watu wakacheka tena. Nyuma ya tanuru Lusungu alisubiri baba mkwe wake ajibu. Mzee aliigeuza kalibu yake mikononi. Kalibu ile aliichonga kwa kufuata ya baba yake, ambayo ilikuwa kumi, na hakuwahi kuuliza kwa nini.

"Kama ni kukubaliana," alisema mwishowe, "basi na tukubaliane. Sitakuwa mimi wa kuwarudisha nyuma kina mama."

*

Kalibu za chuma zilikuja Jumatatu. Zilikuwa nzito, na vishikio vyake vilikuwa vyuma vitupu visivyofunikwa kitu. Nyumbani kwa Lusungu mzee alichimba na kukanyaga udongo tangu alfajiri. Jua likipanda aliondoka, na Lusungu na mama mkwe wake, Prisca, wakateremka kufyatua. Hivyo kazi ilikwenda bila mkwe na mkamwana kukutana. Tumaini, mume wa Lusungu, alikuwa Kasumulu akipakia mizigo ya malori yanayovuka kwenda Malawi, na alirudi nyumbani Jumapili tu.

Jioni ya siku ya pili mzee alikuwa barazani akila ndizi za kupika. Lusungu alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi. Prisca alikaa kwenye kizingiti, kati yao, kama alivyokaa kila siku.

"Muulize mkamwana kama chuma hakimuumizi mikono," alisema mzee.

"Unaulizwa kama chuma hakikuumizi," alisema Prisca bila kugeuka.

"Mwambie hakiniumizi," alisema Lusungu.

"Anasema hakimuumizi."

Mzee akatafuna kidogo. "Mwambie anadanganya. Nimeona damu kwenye kishikio. Mafuta ya mawese yako dirishani, kwenye kile kichupa."

"Mwanangu, umeitwa mwongo," alisema Prisca. "Nami nimewachoka. Siku nikifa mtazungumza kwa barua?"

"Mwambie ndaga," alisema Lusungu, akishukuru kwa Kinyakyusa.

"Anasema ndaga. Na mimi nani ananiambia ndaga kwa kazi hii ya simu?"

Mzee akacheka kwa pua. Lusungu alipaka mawese viganjani. Lilikuwepo jambo lililomsumbua zaidi ya malengelenge. Siku hiyo alipofunua majani kutazama matofali ya kwanza yaliyoanza kukauka, aliyaona madogo. Alidhani ni macho yake.

*

Hayakuwa macho yake. Wiki ya tatu tanuru la majaribio lilifunguliwa, kila nyumba ikiwa imetia matofali hamsini yenye alama yake, na Gwamaka akapita na futi. Nyumba ya Asajile: tisa. Nyumba ya Amon: tisa. Ya mwenyekiti mwenyewe: tisa, na moja tisa kasoro kidogo, wakaliachia. Alipofika kwenye matofali ya Mzee Anyelwisye alipima moja, akapima la pili, akaita Amon aje asome yeye.

"Nane na nusu," alisema Amon kwa sauti ndogo.

Yote hamsini yalikuwa nane na nusu.

Watu wakasogea kutazama. Kisha Asajile akasema, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, "Ukiweka kipande cha ubao ndani ya kalibu, udongo wa matofali tisa unatoa kumi. Mtu anapumzika mapema."

"Unamwambia nani?" aliuliza Prisca.

"Sijataja jina, mama. Nasema ubao."

Mchana huo walikuja wanaume watatu nyumbani kukagua kalibu. Lusungu alikuwa anapepeta mchele uani. Aliwaona kwa mbali, na baba mkwe wake akiwa katikati yao, akakimbilia nyuma ya jiko na ungo wake. Kutoka pale alisikia kila kitu. Alisikia kalibu ikigeuzwa na kugongwa. Alisikia Asajile akisema, "Ubao haupo," na mwingine akisema, "Asiyejua kuuchomoa ni nani?" Alisikia mmoja wao akiomba kutazama na chumbani, chini ya kitanda, na Prisca akisema, "Ingia, ukikuta chungu cha mkojo kimwage basi."

Wakati wa kuondoka Gwamaka alizungumza kwa heshima, na heshima yake iliumiza kuliko maneno ya Asajile. "Mzee wetu, wewe ni mzee wa kanisa, na ndiye uliyetukusanya kuanzisha kikundi. Lakini tumeandika kwamba nyumba itakayopunja itatoka, na matofali yake hayatachukuliwa. Jumamosi ijayo tutakaa tuamue. Utupe sababu, Mzee. Sababu yoyote."

"Sina sababu," alisema Mzee Anyelwisye. "Nimefyatua kwa kalibu yenu."

Walipokwisha kwenda aliketi barazani bila kuegemea ukuta. Prisca alimletea chai, ikapoa. Lusungu alichungulia kwenye upenyo wa mianzi, akaona mgongo wa yule mzee, shati lake la kanisani ambalo alikuwa amelivaa kwa ajili ya ukaguzi, na kola yake iliyopigwa pasi.

*

Alfajiri ya kesho yake Lusungu alimwamsha Prisca.

"Mama, kwetu Mwaya udongo una mchanga. Baba alikuwa na kalibu ndogo, tisa na robo tu, na tofali likiiva linabaki karibu vilevile. Nilipokuja hapa nilishangaa. Kila nilichofyatua kilisinyaa."

"Udongo wote unasinyaa, mwanangu. Hata ngozi yangu."

"Lakini hausinyai sawa. Wenzetu wote wanachimba shimo la juu, kwenye udongo mwekundu. Ni sisi tu tunaochimba bondeni."

Prisca akakaa kitandani. Ilikuwa kweli. Shimo la bondeni hujaa maji mpaka mwezi wa sita, na nyumba nyingine zilikwisha kulihama. Mzee Anyelwisye hakuhama, kwa sababu baba yake alichimba hapo, na udongo wake mweusi ukiiva hutoa tofali gumu linalolia kama kengele ukiligonga. Maisha yake yote hakuwahi kufyatua udongo mwingine. Wale wa juu nao hawakuwahi kufyatua wa bondeni.

Lusungu alikwenda shimo la juu na ndoo, akarudi na udongo mwekundu kichwani. Alifyatua matofali matano ya udongo huo na matano ya udongo wa bondeni, kwa kalibu ile ile ya chuma, kwa maji yale yale, akayaanika pamoja. Ilikuwa Jumapili. Tumaini alipokuja kutoka Kasumulu alimkuta mkewe amechuchumaa mbele ya matofali kumi kama kuku anayelalia mayai.

"Na nani atayasema haya kikaoni?" aliuliza.

"Mama."

"Mama atatukana watu."

"Nitamfundisha asitukane," alisema Lusungu.

Kufikia Ijumaa halikuwepo la kuuliza tena. Yale ya udongo wa juu na yale ya bondeni, yakiwekwa bega kwa bega, yalipishana kwa karibu upana wa kidole, hata kabla ya kuona moto.

*

Kikao cha Jumamosi kilijaa. Hata wasiofyatua tofali walikuja, maana habari ya mzee wa kanisa kupunja udongo ilikuwa imefika mpaka gulioni. Lusungu alikaa nyuma ya tanuru na matofali yake kumi kwenye beseni, amejifunika kanga kichwani. Tumaini alikuwa kazini. Bosi wake alikataa kumpa ruhusa.

Prisca alisimama akasema alivyofundishwa. Alisema udongo wa bondeni unapungua inchi nzima. Alisema kalibu ya kumi ilikuwa ya kumi kwa sababu hiyo. Hakumtukana mtu.

"Mama, ndaga," alisema Gwamaka. "Lakini mke anamtetea mumewe, hilo si ajabu. Wewe umewahi kufyatua udongo wa juu?"

"Sijawahi."

"Umejuaje?"

"Mkamwana wangu amejaribu. Matofali anayo."

"Ulimsimamia akijaribu? Kalibu ile ile, maji yale yale?"

Prisca akageuka kutazama nyuma ya tanuru. Siku ya kufyatua alikuwa kanisani.

"Basi aseme mwenyewe," alisema Asajile. "Yuko wapi?"

"Yuko hapo nyuma. Lakini atasemaje? Mkwe wake si huyu hapa amekaa?"

Watu wakatazamana. Vijana wawili wakacheka, wakanyamazishwa. Hakuna aliyeweza kumwambia Mzee Anyelwisye aondoke: kikao kilikuwa chake, yeye ndiye anayehukumiwa. Na hakuna aliyeweza kumwambia yule binti atoke mbele yake. Amon alishika kalamu bila kuandika.

Nyuma ya tanuru Lusungu alishika ukingo wa beseni. Alijiambia atatoka. Alijiambia atajifunika uso, atasema maneno matatu, atakimbia. Beseni halikuinuka.

Ndipo akasikia kigoda kikivutwa.

"Mimi nitakaa nyuma ya tanuru," alisema Mzee Anyelwisye. "Masikio yangu ni mazima. Mwambieni apitie upande wa kulia. Mimi nitapitia kushoto."

"Mzee, ni kesi yako," alisema Gwamaka. "Hutawaona wanaokusema."

"Nazijua sura zenu."

Alibeba kigoda chake mwenyewe. Akaenda polepole kuzunguka tanuru kwa kushoto, na Lusungu, beseni mikononi, akazunguka kwa kulia. Kwa kitambo wote wawili walikuwa wanatembea kuzunguka udongo ule ule uliochomwa, bila kuonana. Kisha upande wa nyuma mzee alikohoa mara moja, Lusungu ajue amekwisha kukaa.

Alijikuta mbele ya watu wote. Aliyatazama matofali yake, akazungumza nayo.

"Haya matano ni ya juu. Haya matano ni ya bondeni. Kalibu moja. Siku moja. Nimeyawekea alama ya kidole kabla hayajakauka."

"Sauti, mama," alisema mtu wa nyuma.

"Kalibu moja," alisema Lusungu, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nimefyatua mimi, kwa mikono hii. Asiyeamini achimbe mwenyewe, shimo halina mlango. Udongo wa juu unapungua nusu inchi. Wa bondeni unapungua inchi nzima. Aliyechonga kalibu ya kumi hakukosea. Alikuwa anachimba bondeni."

Matofali yakapita mkono kwa mkono. Watu waliyalinganisha, wakayanusa, mmoja akaramba lake.

Kutoka nyuma ya tanuru ikaja sauti. "Mwulizeni: kalibu ya inchi kumi, kwa udongo wa bondeni, tofali likiiva linabaki ngapi?"

Amon akamgeukia Lusungu. "Unaulizwa kwamba…"

"Nimesikia. Mwambieni tisa."

"Mzee, anasema tisa."

"Nimesikia."

Kicheko kilipita uwanjani, na safari hii hakikumuuma mtu.

"Hayo ni maneno," alisema Asajile. "Tofali lililoiva la kalibu ya kumi liko wapi? Tulilikosa siku ile, na leo tunalikosa."

Lusungu akafikiri. "Nyumba ya mchungaji," alisema. "Ilijengwa kwa matofali ya bondeni, na ukuta wa nyuma haujapigwa lipu."

Kikao kizima kikainuka. Wakaondoka na futi, wazee kwa vijana, Prisca mbele yao kama anaongoza maandamano. Lusungu hakuwafuata, aliona aibu kutembea katikati ya wanaume wengi. Ilipokuwa kimya ndipo akatambua kwamba na nyuma ya tanuru hakuna aliyeinuka. Wamebaki wawili, yeye na baba mkwe wake, na tanuru katikati.

Hapakuwa na mtu wa kupitisha maneno. Lusungu akayapanga matofali yaliyoachwa ovyo, akayapangua, akayapanga tena. Kuku mmoja wa jirani alipita akidonoa pumba.

"Mtu akikaa peke yake nyuma ya tanuru," ilisema sauti ya mzee, taratibu, kama inaongea na kuku, "anaweza kusema ndaga fijo, na hakuna aliyeambiwa."

Lusungu aliziba mdomo kwa kanga. Alichukua matofali mawili yaliyokauka akayagonganisha, mara moja, polepole. Upande wa pili mzee akaguna, kama mtu aliyesikia alichohitaji.

Walirudi wakiwa wanabishana, na kabla hawajafika ilijulikana. Walikuwa wamepima matofali ishirini ya ukuta wa mchungaji. Yote tisa.

"Kwa hiyo turudi kwenye mbao?" alisema Asajile. "Vyuma tumenunua vya nini?"

"Anayechimba juu, chuma kinamfaa," alisema Lusungu. Alikuwa bado anatazama chini. "Anayechimba bondeni achonge kumi. Kesho mtu atahamia shimo la tatu, itabidi achonge nyingine. Msikubaliane kalibu. Kubalianeni tofali likishaiva. Kabla ya hapo kila mtu afanye anavyojua."

"Hata majivu?" aliuliza yule mama wa tofali zilizovimba mashavu.

"Hata majivu."

Gwamaka alitazama watu wake. Walikuwa wamechoka kubishana juu ya maji, na wazo la kutobishana tena liliwapendeza wengi. "Amon, andika," alisema. "Inchi tisa likishaiva. Mengine yote ni ya mwenye nyumba."

Asajile alibaki amesimama. Aliona watu wanamtazama. Mwishowe alivua kofia, akazunguka tanuru kwa kushoto, na wote wakasikia, ingawa alijaribu kuifanya sauti yake ndogo.

"Mzee, nilitaja ubao."

"Ulitaja."

"Nilikosea."

"Kaa. Kigoda ni kimoja, lakini pumba zipo."

Walikaa huko nyuma muda mrefu. Lusungu hakusikia walichosema baadaye, na hakujaribu kusikia.

*

Kabla ya matofali kupelekwa kwa fundi, kikundi kilitaka mtu mmoja wa kuyapima yote, mtu ambaye macho yake yanaaminika. Walimtaka Lusungu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alimtuma Prisca aseme kwamba hawezi, maana itambidi apime na matofali ya nyumbani kwake, mbele ya mwenyewe.

Jibu la mzee lilirudi kwa njia ile ile: apime. Yeye atayapanga ya kwake kisha aondoke.

Siku hiyo kila nyumba ilipanga matofali mia mbele ya rundo lake. Fundi Dickson alikuwa amekata nondo ya inchi tisa kamili, akampa Lusungu, akakaa kivulini na miwa yake. Lusungu alipita safu kwa safu. Kwa Gwamaka alikataa mawili. Kwa Asajile alikataa manne, na Asajile akasema, "Sawa, mama, sawa," akiwa amekunja mikono.

Akafika kwenye safu ya bondeni. Matofali yalikuwa meusi kwa ndani, mekundu kwa nje, yamepangwa kwa mikono iliyozoea. Mwenyewe alikuwa amesimama mbali, kwenye ukingo wa migomba, amewapa mgongo. Amon alikuwa katikati ya uwanja ili asikike na pande zote mbili.

Tofali la kwanza tisa. La kumi tisa. La hamsini tisa. Watu walikuwa wamesogea, wakimtazama. La sabini na mbili nondo ilivuka ukingo.

Lusungu alilipima upya. Akaligeuza tofali, akapima upande mwingine. Lilikuwa fupi kwa unene wa ukucha, kosa la mtu aliyejaza kona vibaya, na alama ya kiganja pembeni ilikuwa pana, si yake wala ya Prisca. Akahisi macho ya Asajile shingoni. Akahisi na ule mgongo wa kule kwenye migomba, ambao haukugeuka. Prisca aliacha kutafuna muwa wake.

Alilitoa kwenye safu akalishika mkononi. Akaendelea mpaka la mwisho.

"Mzee," aliita Amon, "tisini na tisa yamepita."

"Moja lina nini?"

"Fupi."

"Nani amesema?"

Amon alimtazama Lusungu, akajikuna shingo. "Mkweo."

Watu wote wakautazama ule mgongo kule kwenye migomba. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, kidogo, halafu sana, na watu wakatambua kwamba anacheka.

"Basi ni fupi," alisema. "Livunjeni."

Lusungu akaliweka chini pamoja na manne ya Asajile, akahamia safu inayofuata.